Bahasha ya Pili

Mwezi uliopita nilikwenda Nemba, wilayani Biharamulo, kumzika mzee wa ukoo wetu. Jioni ya mwisho ya matanga, watu walipokuwa wametawanyika na masufuria yakioshwa, binti wa baba yangu mdogo alinivuta kando akanionyesha kibahasha cha dawa. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu, na kibahasha hicho alikuwa amekihifadhi ndani ya daftari lake la maandalio ya masomo kwa zaidi ya mwaka. Kilikuwa kitupu. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: amitriptyline, kidonge kimoja, usiku.

"Kaka," aliniambia, "kila ninayemweleza ananiambia nilikosea kuacha dawa. Mimi sikuacha dawa. Dawa ndiyo iliyoniacha."

Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya, naye alinipa kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala nisikitaje kituo alichotibiwa. Nitalitii sharti hilo. Msomaji anayetafuta muuguzi wa kumlaumu atakuwa amepotea njia, kwani kisa hiki hakimhusu muuguzi.

Ndugu yangu huyu hakufiwa, hakuachwa, wala hakudaiwa. Aliamka tu asubuhi moja akaona chaki ni nzito. Usingizi ukawa unamkimbia saa tisa za usiku, chakula kikakosa ladha, na sauti za watoto darasani zikawa kama zinatoka nyuma ya ukuta. Hali hiyo ilidumu miezi. Hatimaye alikwenda kutibiwa, na tabibu aliyemwona alifanya lililo jema: alimsikiliza, akamwambia kwamba ugonjwa huo una jina, sonona, na kwamba una tiba. Akampa vidonge vya mwezi mmoja, akamwambia arudi vikiisha.

Alirudi. Dirishani akaambiwa dawa hiyo imekwisha, ajaribu kununua nje. Alijaribu maduka mawili, hakuipata. Fedha za bodaboda za kuendelea mbele zaidi hakuwa nazo, maana mshahara ulikuwa bado. Siku chache baadaye kichwa kikaanza kumzunguka, jasho likamtoka usiku, kichefuchefu na ndoto za kutisha zikamwandama. Jirani mwema akamwambia: "Umeona? Hizo dawa zimekuteka. Ni sawa na madawa ya kulevya." Naye aliamini. Dawa hiyo ilipokuja kupatikana tena, hakwenda kuichukua. Miezi minne baadaye alianguka shimo refu kuliko lile la kwanza.

Hoja yangu leo ni moja. Katika nchi yetu, hatari ya dawa za sonona hutokana mara nyingi na mfumo unaomwanzishia mtu dawa bila kumhakikishia bahasha ya pili, kisha unamgeukia na kumwita mkaidi. Kemia ya kidonge ina hatari zake, nami nitazitaja. Lakini hatari hizo zinajulikana na zinadhibitika. Dirisha tupu halijawahi kudhibitiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa juu yake.

Tuanze na sayansi, kwa kuwa bila sayansi hasira yetu haitazaa kitu. Amitriptyline imetumika duniani tangu 1961. Fluoxetine iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zimo katika mwongozo wetu wa matibabu wa taifa. Hazileti furaha ya bandia, hazina ulevi wa bangi wala wa gongo, na mtu mzima wa afya akizimeza hatapata starehe yoyote. Hufanya kazi polepole. Mgonjwa hungoja wiki mbili, mara nyingi nne au zaidi, kabla hajaona nafuu, ilhali maudhi madogo madogo huanza siku za mwanzo kabisa: kinywa kikavu, usingizi mzito na choo kigumu kwa anayetumia amitriptyline, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi kwa anayetumia fluoxetine. Maana yake ni kwamba katika wiki za kwanza mgonjwa hulipa gharama kabla ya kupokea faida. Asipoelezwa hivyo waziwazi, ataacha, na ataacha kwa haki.

Kisha kuna jambo ambalo ndugu yangu hakuambiwa na mtu yeyote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mgonjwa aendelee na dawa kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, na anapoacha aache kwa kupunguza dozi taratibu kwa muda usiopungua wiki 4. Ubongo na mwili huzoea kuwepo kwa dawa. Ikiondolewa ghafla hutokea kizunguzungu, jasho, kichefuchefu, hasira, usingizi wa mang'amung'amu, na kwa baadhi ya dawa mishtuko kama ya umeme kichwani. Huko si kutekwa. Mraibu huitamani dawa na kuongeza dozi ili apate ulevi uleule. Mgonjwa wa sonona haitamani. Mwili wake unalalamika kwamba umenyang'anywa kwa ghafla kitu ulichokizoea. Tofauti hiyo ingeelezwa kwa dakika mbili dirishani, pengine ndugu yangu asingepoteza mwaka mzima.

Sasa nawaomba mtazame hesabu hii. Mwongozo unadai karibu mwaka mzima wa dawa baada ya kupona. Bahasha ina vidonge 30. Anayeandika agizo anajua kwamba tiba hii ni ya bahasha kumi na kitu, ilhali ana uhakika wa moja tu. Je, tumwite nani mkaidi?

Wapo watakaonijibu kwamba nchi ni maskini na kwamba sonona ni ugonjwa wa wenye nafasi. Jibu la pili kati ya haya mawili ni tusi. Watu wa Biharamulo na Ngara wamebeba mengi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa takribani siku moja, na miji ya maturubai ikasimama Benaco kabla watu hawajamaliza kuhesabiwa. Walioikimbia Rwanda walibeba majeraha, na wenyeji waliowapokea wakayaona kwa macho yao. Aliyekuwa mtoto wakati huo leo ni mtu mzima kama mimi. Hata pasingekuwa na vita jirani, sonona haichagui tabaka: Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu zaidi ya milioni 300 duniani wanaishi nayo, na kwamba watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi kama yetu.

Jibu la umaskini nalo linakanushwa na historia yetu wenyewe. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa ARV bure kwa mpango wa taifa. Walikuwapo wataalamu, hasa wa ng'ambo, waliosema kwamba Mwafrika asiye na saa ya mkononi hataweza kumeza dawa kwa wakati. Tuliwaumbua. Leo mgonjwa wa VVU katika kijiji cha Kagera ana kadi yenye tarehe, ana kliniki inayomjua, hupewa dawa za miezi kadhaa akiwa imara, na asipofika hutafutwa hadi nyumbani kwa staha. Wazee wasiojua kusoma wanameza dawa kila siku kwa miaka ishirini. Watu hawa ndio haohao ambao ofisini tunaambiwa "hawafuati masharti" linapokuja suala la sonona. Waliopewa mfumo wanaweza. Walionyimwa mfumo wanalaumiwa.

Ni kweli kwamba ARV zilisimama juu ya fedha za wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake tuliona jinsi msingi huo ulivyo mwembamba. Lakini dawa ninazozitetea hapa ni za zamani, hazina hataza, hutengenezwa na viwanda vingi, na bei yake ni ndogo. Hazimngoji mfadhili. Zinamngoji mtu wa kuziandika katika mahitaji ya dawa ya kila kituo, na mtu wa kuuliza kwa nini hazikufika. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi tulishangilia. Kadi ya bima ni jambo jema, ila haimezeki.

Nageukia sasa kundi jingine, nalo ni la marafiki zangu wanaharakati. Kila Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunavaa fulana na kuhimiza watu "wavunje ukimya". Nami nimevaa fulana hizo. Lakini tumejiuliza anayevunja ukimya Nemba anakwenda wapi kesho yake? Kumshawishi mtu aseme kisha kumwacha mbele ya dirisha tupu ni kumwongezea ushahidi kwamba hakuna wa kumsaidia. Kampeni isiyodai dawa, wauguzi waliofunzwa na ratiba ya kumfuatilia mgonjwa ni maonyesho tu.

Wala sisemi kila mwenye huzuni apewe kidonge. Mfiwa ana haki ya kulia bila kuandikiwa dawa, na sonona hafifu huanza kutibiwa kwa mazungumzo, msaada wa kijamii na kurudisha usingizi na shughuli. Kuna hata ubaya wa upande wa pili: amitriptyline kutolewa kama dawa ya usingizi tu bila mgonjwa kuelezwa ni nini, au mtu kubakizwa kwenye dozi ndogo ya kuanzia miezi yote bila kupimwa tena, kisha aambiwe kwamba dawa "hazimfai". Aliyewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopitiliza, asilale siku kadhaa na kutapanya mali, anapaswa kulisema hilo mapema, kwa sababu dawa ya sonona ikitolewa peke yake yaweza kumrusha tena kwenye hali hiyo.

Usalama wa kweli una masharti yake, na mgonjwa wa wilaya hizi anastahili kuyajua yakiwa katika maisha yake mwenyewe. Kagera ni mkoa wenye malaria nyingi. Dawa mseto ya malaria, yaani artemether na lumefantrine, yaweza kupandisha kiwango cha amitriptyline mwilini, na dawa hizo mbili zinapokutana zaweza kuathiri mapigo ya moyo. Hili lisimfanye mtu akatae tiba ya malaria, ambayo huua upesi. Limfanye amwambie tabibu kila dawa anayotumia, naye tabibu aulize. Tramadol, ambayo vijana wengi wanaijua kuliko inavyopasa, ikichanganywa na fluoxetine yaweza kuleta sumu ya mwili kupandwa na joto, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Gongo na rubisi vikichanganywa na amitriptyline huzidisha usingizi, na dereva wa bodaboda hapaswi kushika usukani kabla hajajua dawa inamfanyaje. Mzee mwenye tezi dume, presha ya macho au maradhi ya moyo aseme kabla hajaandikiwa amitriptyline. Mama mjamzito asiache wala asianze kwa shauri la jirani. Na dawa hii ikizidishwa kwa wingi ni hatari kubwa kwa moyo, hivyo katika wiki za mwanzo ni busara mgonjwa apewe kiasi kidogo kwa awamu, na ndugu anayeaminika atunze kilichobaki mbali na watoto.

Neno kwa wanafunzi wangu, kwa kuwa najua mnasoma. Marekani ilianza mwaka 2004 kutaka onyo maalumu kwenye dawa hizi kuhusu watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24: katika wiki za mwanzo, au dozi inapobadilishwa, baadhi ya vijana hupata mawazo ya kujiua zaidi kuliko awali. Onyo halisemi dawa zisitolewe. Linasema kijana asiachwe peke yake wiki hizo. Aonwe, aulizwe, apigiwe simu. Msigawane vidonge hosteli. Kidonge alichoandikiwa mwenzako kilipimwa kwa historia yake, nawe huijui hata yako.

Hapa ndipo sheria yetu inapogeuka kuwa sumu. Tabibu anatakiwa kumuuliza mgonjwa, katika wiki za hatari, kama anawaza kujiua. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyoirithi kutoka kwa mkoloni, inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Ndugu yangu alinieleza kwamba katika mwanguko wake wa pili aliwaza kufa, na hakumwambia mtu kwa sababu alikuwa amesikia kwamba wenye mambo hayo hupelekwa polisi. Kuwaza si kosa hata kwa sheria ile, lakini nani Nemba aliwahi kumwelewesha mipaka hiyo? Alinyamaza usiku tisa, akiwa na watoto watatu wamelala chumba cha pili. Tunashukuru Mungu kwamba wa kumi mama yake alikuja kumtembelea bila taarifa.

Ghana iliifuta sheria ya namna hiyo mwaka 2023. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinacholingana na chetu kinakwenda kinyume na Katiba. Sisi tunangoja nini? Sheria inayomfunga mdomo mgonjwa katika saa ambayo uhai wake unategemea kusema haimlindi mtu yeyote.

Naandika pia kwa watumishi wa umma, ambao wengi mmekaa kwenye viti vya maamuzi. Nina madai manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. Kwanza, mtu asianzishiwe dawa ya sonona kabla kituo hakijajua itakapotoka bahasha ya pili, ya tatu na ya nne; na kituo kisichoweza kuhakikisha kimpe mgonjwa rufaa yenye jina la mahali na siku, kisimwambie "kanunue nje". Pili, kila halmashauri ibandike ukutani idadi ya siku ambazo amitriptyline na fluoxetine hazikuwapo katika robo mwaka iliyopita. Kisichohesabiwa hakimwaibishi mtu. Tatu, mgonjwa mpya aonwe au apigiwe simu ndani ya wiki mbili za mwanzo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe kazi hiyo pamoja na mafunzo na posho yake. Akishakuwa imara, apewe dawa za miezi kadhaa katika zahanati iliyo karibu naye, kama tufanyavyo kwa ARV. Nne, kila bahasha iandikwe nyuma, kwa Kiswahili chepesi: itachukua wiki kadhaa kufanya kazi, usiache ghafla, ikikaribia kuisha, rudi ikiwa imebaki wiki moja, ukizidiwa na mawazo ya kufa, njoo saa yoyote. Gharama yake ni wino.

Diwani anayesoma haya anaweza kuuliza swali la pili katika kikao kijacho cha baraza. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kutekeleza la nne wiki hii.

Kwa anayesoma akiwa na bahasha yake mwenyewe mezani: usiache usiku huu kwa sababu ya makala yangu. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja kesho yake kufidia. Ukiona dawa inakaribia kwisha na hakuna matumaini ya kupata nyingine, nenda ukaombe kupangiwa namna ya kupunguza hizo zilizobaki, badala ya kuzimaliza kisha kuanguka. Maudhi yakikushinda, rudi useme. Zipo dawa nyingine na zipo dozi nyingine.

Ndugu yangu ameanza tena matibabu, safari hii fluoxetine, mbali na nyumbani. Sisi wa ukoo tumegawana nauli kwa zamu. Anafundisha. Watoto wake wanasema anacheka. Nilipomuuliza kwa nini bado anakitunza kile kibahasha kitupu, alisema anakiweka ili siku mtu akimwambia tena kwamba aliacha dawa, awe na kitu cha kumwonyesha.

Ana ukoo wenye mhadhiri mmoja na mishahara miwili mitatu. Waliokuwa kwenye foleni pamoja naye siku ile, dirisha lilipofungwa, hawakuwa na hayo. Mimi siwajui majina, na siamini kwamba kuna ofisi yoyote inayoyajua.